Taa za batani zinafifia, gemu inajikata: maswali yenu kwa fundi

Mwezi huu sijui nani amewaambukiza, kila mtu anatengeneza kabati la gemu, lile la kusimama mbele yake na kucheza kwa joystiki kama kwenye kumbi za gemu. Zamani nilikuwa naulizwa inveta na redio, sasa ni joystiki na batani za kuwaka. Mimi sina shida, tena nafurahi, ila maswali mengi yanazunguka jambo moja, umeme wa izo taa, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. La kwanza nalijibu kwa urefu manake karibu nusu yenu mmekwama hapo hapo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Jinja, Walukuba. Nimetengeneza kabati la gemu la plaiwudi kwa ajili ya watoto wangu na wa jirani, ndani nimeweka CPU ya zamani, enkoda mbili za USB (vile vibao vinavyopeleka mibonyezo ya batani kwenye kompyuta) na batani 20 za taa, 10 kila mchezaji. Matundu ya USB ya nyuma yamekufa, ya mbele linafanya kazi moja tu, nikanunua habu, ile ya kugawa tundu moja la USB kuwa mengi, nikachomeka kila kitu apo: enkoda zote mbili, kibodi, kifaa cha wifi na flashi ya gemu. Taa zinawaka lakini za buluu zimefifia kuliko nyekundu, alafu katikati ya mchezo kompyuta inalia tuduu, enkoda moja inapotea, mchezaji wa pili anasimama tu anapigwa. Nimebadilisha enkoda bado. Nifanye nini? – Baba Pacha

JIBU: Baba Pacha, ulipobadilisha enkoda ulitoa pesa bure, pole. Enkoda haina kosa na batani hazina kosa, shida ni habu.

Tupige hesabu. LED moja ya kawaida kwenye batani inakula kama milliampea 20, ukiwa na 20 ni milliampea 400. Tundu moja la USB 2 limepangiwa kutoa 500, basi. Sasa juu ya izo 400 umeongeza chipu mbili za enkoda, kibodi, wifi na flashi, na habu yako haina chaja yake mwenyewe, yote inanyonya kwenye tundu lile lile moja. Ni kama bomba moja la mtaa na jerikeni za mtaa mzima zimepangwa foleni, maji hayajakatika ila yanadondoka. Volti zinashuka kutoka 5 mpaka 4 na kitu, na chipu ya enkoda ikiona volti zimeshuka sana inajizima na kuwaka upya, ndio uo mlio unausikia.

Kwa nini buluu ndio inalia kwanza? LED nyekundu inataka karibu volti 2 ili iwake, buluu na nyeupe zinataka karibu 3. Kinachobaki kwenye zile 5 kinaliwa na rezista iliyo ndani ya kishikio cha taa, na ni iyo rezista inayobana mkondo usizidi. Nyekundu ina nafasi ya volti 3, buluu ina 2 tu, kwa hiyo volti zikipungua kidogo buluu inaumia zaidi. Ukiona kabati ambalo nyekundu inang'aa na buluu inasinzia usikimbilie kununua taa mpya, chukua mita upime volti pale kwenye miguu ya taa wakati zote zinawaka.

Dawa ni kuziondoa taa kwenye USB kabisa. Habu yenye chaja yake ingekusaidia, sikatai, lakini kwa nini ununue wakati ndani ya kabati tayari kuna pawa saplai ya CPU ambayo inatoa volti 5 kwa ampea nyingi tu, angalia karatasi iliyobandikwa ubavuni utaona zimeandikwa. Zima, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha CPU utafute ile plagi nyeupe ya pini 4 ambayo haitumiki, yenye waya wa njano, nyeusi mbili na nyekundu. Nyekundu ni volti 5, njano ni 12, nyeusi ni negativu. Usiniamini mimi, amini mita: washa, weka ncha kwenye nyekundu na nyeusi, ikisoma karibu 5 uko sawa. Njano ifunge na utepe isiguse kitu chochote, manake taa ya volti 5 ukiipa 12 inaungua wakati bado unaishangaa jinsi inavyong'aa. Na boksi lenyewe la pawa saplai USILIFUNGUE ata kama limechomolewa, mle ndani kuna kapasita zinazoshika zaidi ya volti 300.

Kabla waya haujafika kwenye taa yoyote weka fyuzi ya ampea 1 kwenye nyekundu, ile ya kioo ya kwenye redio inatosha. Watu wanaidharau iyo hatua, wanasema volti 5 haiui mtu. Kweli haiui mtu, ila pawa saplai inaweza kusukuma ampea 15 na zaidi kwenye waya mwembamba uliopiga shoti, na uo waya unapita juu ya plaiwudi, nyuma ya kabati ambapo hakuna anayeangalia. Fyuzi ni shilingi kidogo sana.

Kutoka kwenye fyuzi toa njia mbili, moja ya mchezaji wa kwanza na moja ya wa pili. Kila njia inaruka kutoka pozitivu ya taa moja kwenda pozitivu ya taa nyingine, na nyeusi vilevile negativu kwa negativu. Yaani zote sambamba, kila taa inapata volti 5 zake kamili. Usizipange kwa mfululizo eti unaokoa waya, buluu mbili zilizofuatana zinataka volti 6 na wewe una 5, hazitawaka ata uzibembeleze. Waya wa milimita mraba 0.5 unatosha kabisa. Vichwa vya kubana tafuta kwa mafundi umeme wa magari, ila pima kwanza miguu ya batani kwa rula: kuna za upana wa milimita 2.8, 4.8 na 6.3, na ukinunua kwa macho utarudi dukani.

Sasa sikiliza apa vizuri. Batani yako ina miguu minne: miwili ni ya swichi, hiyo inakwenda kwenye enkoda, miwili ni ya taa, mara nyingi imeandikwa + na −. Hizo ni nyumba mbili tofauti, zinakaa chini ya paa moja lakini hazijuani. Kwenye enkoda zenye taa kila plagi ya batani inabeba vyote, waya za swichi na waya za taa, kwa hiyo ondoa za taa tu kwenye miguu ya taa, zifunge utepe, za swichi ziache palepale. Waya wa volti ukikosea ukaangukia mguu wa swichi unaingia moja kwa moja kwenye chipu, na ikiwa ni ule wa njano wa 12 chipu imekwisha. Ndio maana mimi waya zote za taa natumia rangi ambayo sijaitumia popote kwenye swichi, ata kama ni ya kuchekesha. Taa isipowaka geuza pozitivu na negativu, LED haikubali kinyume, hiyo ni ya kawaida, usiiache tu hivyo hivyo siku nzima.

Faida nyingine utaiona jioni: ukizima CPU taa zinazima zenyewe. Wanaotumia chaja ya simu kwa taa wanasahau, wanazima gemu na kabati linabaki linawaka mpaka asubuhi na Yaka, umeme wa kulipia kabla, inapungua kidogo kidogo.

SWALI: Kaka fundi, huku kwetu Koboko mimi natumia sola, betri ya 12. Nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, skrini ya volti 12 na batani 10. Duka limeniuliza nataka taa za 5 au za 12, nikakwama. Rafiki anasema nichukue za 12 nifunge moja kwa moja kwenye betri. – Kijana wa Koboko

JIBU: Rafiki yako hajakosea sana. Za 12 zinafanya kazi, ila jina la betri ni 12 tu, jua likiwa kali na betri inachajiwa unakuta volti 14 na kitu. Rezista iliyopangwa kwa 12 inapitisha zaidi, taa inapata kama robo ya ziada ya mkondo, haiungui leo wala kesho lakini inachoka mapema. Ukienda njia iyo chukua umeme kwenye sehemu ya mzigo ya kidhibiti cha sola, sio kwenye vichwa vya betri, ili betri ikiwa chini kidhibiti kikate chenyewe. Na fyuzi iwe karibu na chanzo, betri ya gari ikipiga shoti haina utani.

Mimi ningechukua za 5. Taa 10 za volti 12 zinakula kama wati 2.4 wakati za volti 5 ni wati 1, na ukiongeza kinachopotea kwenye kushusha volti ni 1.2 hivi. Sio tofauti ya kukufilisi, skrini yako pekee inakula mara nyingi ya hapo, ila kwenye sola kila wati ina jina lake. Sababu kubwa ni nyingine: ukipata siku moja kabati la CPU au chaja ya simu utazihamisha taa bila kununua tena.

Kushusha kutoka 12 kwenda 5 tafuta kile kibao kidogo chenye chipu ya LM2596 na skrubu ya shaba juu. Wanasema ampea 3, wewe hesabu 2, zaidi ya hapo kinapata moto. Chukua viwili, kimoja cha taa na kimoja kizuri zaidi peke yake cha Pi, manake Pi 4 inataka mpaka ampea 3 na ikikosa volti inaonyesha kile kialama cha radi kwenye kona ya skrini na gemu zinakwama. Kwa Pi usitumie LM2596, tafuta cha ampea 5.

Ila ukishanunua, KABLA ya kufunga kitu chochote upande wa kutokea, kipe umeme wa betri na upime. Vinakuja vimewekwa volti zozote tu, vingine vinatoa karibu sawa na kilichoingia. Zungusha skrubu kinyume cha saa, na usikate tamaa, inaweza kuzunguka raundi nyingi bila kitu kubadilika alafu ghafla volti zinaanza kushuka. Ikifika 5 tia tone la gundi juu ya skrubu mtoto asije akaichezea.

SWALI: Salamu fundi. Mimi ni wa Mbale. Nimepata batani kubwa za kuba za mitumba, taa zake zimeungua. Fundi wa magari ameniambia ni balbu za kawaida za gari, ni kweli au anataka kuniuzia? – Dada wa Namakwekwe

JIBU: Dada, anaweza kuwa anasema kweli. Batani nyingi kubwa zinatumia balbu isiyo na kitako cha chuma, ile inayochomekwa kwa kubana tu, na ukubwa unaitwa T10, ndio ile ile ya taa ndogo za pembeni za gari na za kuangazia namba. Mabatani ya zamani ya kwenye kumbi za gemu yalitumia balbu za waya wa moto, LED zimekuja baadaye, umbo la kishikio likabaki. Kwa hiyo ndiyo, pale kwenye spea utapata, Kampala ungekwenda soko la Kisekka.

Lakini za gari ni za volti 12. Ukizichomeka kwenye volti 5 nyingi hazitawaka kabisa, kwa sababu ndani LED zimefuatana tatu tatu na 5 haziwezi kuzipenya. Basi zipe 12, ule waya wa njano niliomkataza Baba Pacha, na usiweke balbu ya 5 hata moja kwenye njia iyo. Ukimuona muuzaji anakwambia "zote ni sawa" muulize volti, akishindwa kujibu nenda duka la pili. Na chukua LED sio ile ya waya wa moto, ya waya wa moto inapasha joto plastiki ya kuba mpaka inageuka rangi ya chai.

SWALI: Fundi, nimeweka taa 3 tu za kitufe cha kuanza na cha sarafu, nazipa umeme kwa pawabenki. Zinawaka dakika moja zinazima. Pawabenki ni nzima, inachaji simu. – Lugazi

JIBU: Inadhani simu imeshajaa. Taa 3 ni milliampea 60, na pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo hivyo zinajizima zenyewe. Tumia chaja ya ukutani ya volti 5.

SWALI: Mzee, nataka taa ziwake kulingana na gemu, yaani gemu ya batani mbili iwashe mbili tu. Nina Raspberry Pi. Je nafunga LED kwenye pini zake? – Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Kijana wangu, taa moja ya majaribio na rezista yake, sawa. Batani 8, hapana. Pini za Pi zinatoa volti 3.3, na moja isipite milliampea 16, zote pamoja karibu 50. Hapo taa tatu za kawaida umeshavuka. Pini ya 2 na ya 4 zinatoa volti 5 lakini izo haziwezi kuwashwa na kuzimwa na programu, zinawaka muda wote.

Unachotaka ni chipu inaitwa ULN2803, ina miguu 18, njia nane, bei yake haitishi. Pini za Pi zinaingia mguu wa 1 mpaka wa 8, ng'ambo yake, wa 18 kurudi mpaka wa 11, ndio inatoka kwenda kwenye negativu za taa. Pozitivu za taa zote zinakwenda moja kwa moja kwenye volti 5 za nje, chaja au pawa saplai. Mguu wa 9 ni negativu, wa 10 uache, huo ni wa koili za relay. Pi haibebi mzigo wowote, inanong'ona tu na chipu inafungua mlango.

Kitu ambacho watu wanasahau alafu wananiandikia eti chipu ni feki: negativu ya chaja ya taa na negativu ya Pi LAZIMA ziungane. Kwa Baba Pacha kule juu taa zinawaka tu muda wote, hazihitaji kuongea na enkoda. Wewe unataka ziongee, kwa hiyo ziwe na msingi mmoja. Alafu usishangae taa zikipungua mwanga kidogo, iyo chipu inakula karibu volti moja kwa ajili yake, na tena buluu ndio itakayolalamika kwanza.

Kuna ujanja unaozunguka wa kufunga taa kwenye mguu wa swichi ili iwake ukibonyeza. Kwenye enkoda ya volti 5 watu wanafanya na inapita, kwenye Pi usijaribu, unasukuma volti 5 kupitia taa kwenda kwenye pini ya 3.3.

SWALI: Fundi, kabati langu limekamilika, taa nzuri, sasa nataka kuweka kipokea sarafu nilipeleke kwenye kibanda changu Tororo karibu na steji. Umeme wake natoa wapi? – Mama Kibanda

JIBU: Mama hongera. Vipokea sarafu vingi vya Kichina vinataka volti 12, kwa hiyo hapo sasa njano na nyeusi, na fyuzi yake peke yake isichanganyike na ya taa. Waya wake wa ishara unakwenda kwenye enkoda mahali pa batani ya sarafu, lakini soma karatasi yake kwanza, kuna vyenye kiswichi cha kuchagua aina ya ishara na ukikosea gemu inahesabu sarafu moja kama tatu au haihesabu kabisa.

Lingine sio la umeme. Hapa kwetu Uganda boksi lenye taa linalomeza sarafu, mtu akiliona kutoka mlangoni anajua ni kamari, na mashine za kamari zina sheria yake ya mwaka 2016 na bodi inayozisimamia, zisizo na leseni zinabebwa. Gemu yako hailipi mtu pesa, kwa hiyo sio kamari, lakini anayekuja kukagua hajui mpaka umwonyeshe. Pita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa wako, umweleze kabla hujaliwasha, leseni ya biashara ya manispaa iwe ukutani, na juu ya skrini andika kwa herufi kubwa kwamba hakuna ushindi wa pesa. Watoto wa shule wasikae hapo saa za masomo, hilo ndilo litakalokuletea maneno na wazazi kuliko kitu kingine chochote.

Kipokea sarafu chenyewe kinafundishwa: unakiweka kwenye hali ya kujifunza na kuingiza sarafu zile zile mara kadhaa. Changanya za 500 mpya zinazong'aa na zilizochakaa, ukikifundisha kwa mpya tupu kitatema nusu ya sarafu za wateja wako.